Gobore Lililorudi Ujana

Mzee aliyeleta gobore alitaka jambo moja tu: aambiwe lina umri gani. Fundi bunduki akamtania kwamba huenda yeye na gobore wamezaliwa siku moja. Mzee hakucheka. "Mimi nina miaka thelathini na mbili," alisema, akaondoka bila kuuliza litakuwa tayari lini.

Fundi akapuuza, wazee nao wana mizaha yao. Akautoa mtutu kwenye kitako na kuukagua: kutu imekula chuma, skrubu zimechongwa kwa tupa ya mkono, alama ya mhunzi imefutika. Akamwambia mkewe, aliyekuwa akishona mlangoni, kwamba hili ni la enzi za babu wa babu yake.

Kesho yake alama ilisomeka. Karakana ilinuka baruti mbichi, ingawa baruti haikuwamo. Fundi alidhani macho yanamchezea, hadi mkewe alipomwomba amtungie uzi kwenye sindano, yeye ambaye hakuwahi kushindwa.

Akalikagua tena, na tena, na kila alipolikagua lilikuwa jipya zaidi, na kila lilipopata ujana mkewe alipoteza wake, mvi kwanza, kisha meno, kisha mgongo ukapinda, mpaka jirani akamwamkia "shikamoo bibi", na fundi, aliyempenda kwa kile kicheko chake cha kuamsha mtaa, akajifungia ndani akalia kama mtoto.

Akalifukia, akalikuta mezani. Akamtafuta yule mzee, akaambiwa ameshazikwa.

Mganga aliyeitwa hakuvuka kizingiti. Alinusa tu, akarudi nyuma. "Jini aliyemo katika gobore hilo hula umri wa nyumba inayomhesabia miaka," alinong'ona. "Huanza na anayependwa zaidi. Mpe fundi mwingine alikague, atahama."

Fundi akalitia guniani papo hapo. Mkewe akamshika mkono kwa nguvu kidogo alizobakiwa nazo.

"Huyo fundi mwingine ana mke?"

"Anaye."

"Basi liweke chini, mume wangu."

Akaliweka. Angefanya nini tena? Mchana kutwa alikaa naye kitandani, akisikiliza pumzi yake na, kutoka karakana, mti wa kitako ukilia taratibu kama unaokunywa maji. Pumzi ilipokoma, na ule mlio ukakoma. Akaenda kutazama. Mtutu uling'aa, na kitako kilitoa utomvu, kibichi kama kimekatwa leo.

Alirudi kwa mkewe. Nguo aliyokuwa akiishona ilibaki na pindo wazi, akaona walau ammalizie hilo. Akachukua sindano na uzi, akaisogeza dirishani kwenye mwanga. Tundu hakuliona.