Valvu ya Beseni Jekundu

Jumamosi, tarehe saba Juni. Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa mazito lakini mvua haikunyesha. Upepo ulivuma, ukatulia, ukavuma tena, na mabati ya gereji yakawa yanagongana bila kupumzika.

Kereng'ende naye hakupumzika. Hilo halikuwa jina lake la shuleni. Nyumbani walimwita hivyo kwa sababu alikuwa hatui mahali. Alianza kufagia, akaacha ufagio katikati ya sakafu, akaenda kutazama chai. Kabla chai haijachemka alikuwa ameshatoka kufungua lango.

"Wewe mtoto," mama yake alisema, "kuna kiti humu ndani ulichowahi kukipasha joto?"

Mama huyo alikuwa fundi wa mabomba ya magari-nyumba, yale magari marefu yenye vitanda, jiko, sinki na choo ndani yake. Kila siku, kabla ya kushika spana, alifumba macho akamwomba Mungu amwepushe na kazi ya haraka haraka. Kereng'ende aliitikia "Amina" huku mguu mmoja umeshaanza kuondoka.

Gari la siku hiyo lilikuwa la nesi aliyezunguka vijijini kuchanja watoto. Alipika na kulala humo pamoja na mtoto wake mchanga. Tatizo lilikuwa kwamba kila pampu ilipozimwa, maji yalirudi nyuma kwenye tangi, na bomba la sinki likabaki linakohoa hewa tupu.

"Valvu ya njia moja imekufa," mama alieleza, akimwonyesha kifaa kipya kilicholala vizuri kiganjani. "Hiki ni kama mlango unaofunguka upande mmoja. Maji yakienda mbele, yanapita. Yakitaka kurudi, springi inausukuma mlango, yanakuta pamefungwa. Leo utaifunga wewe. Mshale uelekee kwenye sinki."

"Mimi? Peke yangu?"

"Kwani nimemwambia jirani?"

Kereng'ende alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu alipokuwa mdogo. Mama alipoingia chini ya gari kukaza mikanda ya tangi, msichana alianza kuirusha valvu juu na kuidaka, kuirusha na kuidaka. Mabati yakagongana kwa kishindo. Akageuza kichwa, na valvu ikaanguka sakafuni.

Aliiokota. Ufa ulikuwa umepita ubavuni, mwembamba kama unywele.

Akisema, atarudishwa kwenye ufagio, na mama hatamwamini tena. Alitazama huku na huku. Ukutani kulikuwa na mabeseni mawili. La bluu lilikuwa la vifaa vya maji safi. Jekundu lilikuwa la vifaa vilivyotoka kwenye mabomba ya choo. Sheria ya gereji ilikuwa moja: kitu cha beseni jekundu hakivuki kwenda la bluu, hata spana. Lakini ndani ya lile jekundu kulikuwa na valvu ya njia moja iliyotolewa kwenye bomba la kusuuzia tangi la choo. Ukubwa ule ule, mshale ule ule.

Aliisugua kwa sabuni na mswaki mpaka ikang'aa, akainusa, akaisugua tena. Kisha akaifunga.

Walipojaza tangi na kuwasha pampu, maji yalitoka sinkini kwa nguvu. Mama alizima pampu, akapitisha kidole kwenye kila kiungio.

"Hata tone!" alisema. "Mwanangu, umenipunguzia kazi."

Sifa hiyo ilimchoma. Alifagia mahali palipokuwa pameshafagiwa. Alipanga spana, akazipangua. Alijaribu kuomba kimya kimya, lakini maneno yalikataa kupanda. Angemwomba Mungu nini? Ajalie valvu ya choo iwe safi?

Binamu yake alifika na sahani za chakula cha mchana. Aliitwa Redio, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkuta amezimwa.

"Leo fundi mkuu hazungumzi na sisi wadogo?" Redio alichokoza. "Au umeshaanza kudai tukuone kwa miadi?"

"Niache, Redio."

"Haya, nimezima," Redio alisema, akaendelea kuongea.

Nesi alikuja kuchukua gari lake, mtoto mgongoni na mfuko wa chupa za maziwa mkononi.

"Fundi, nisaidie niondoke mapema. Kesho akina mama wananisubiri tangu alfajiri."

"Gari liko tayari, Nesi. Lakini unatujua."

Pale gerejini, fundi aliyegusa bomba la maji ndiye aliyekunywa glasi ya kwanza mbele ya mwenye gari. Siku zote alikunywa mama. Leo alijaza glasi sinkini, akamkabidhi Kereng'ende.

"Kazi ni yako. Kunywa wewe."

Kereng'ende aliishika glasi. Maji yalikuwa meupe, hayana harufu. Alijiambia: nitakunywa tu. Nikiumwa tumbo, nitaumwa mimi, na yataisha. Akaipeleka mdomoni.

Hapo akaona kwamba nesi alikuwa ameshafungua mfuniko wa chupa ya mtoto. Hakuwa akiyatazama maji. Alikuwa akimtazama yeye, akisubiri ameze ili aisuuze chupa.

Kereng'ende alimwaga maji chini.

"Wee!" Redio alishtuka.

"Nesi, usiyatumie! Mama, valvu niliyoifunga si ile uliyonipa. Mpya niliivunja nikiichezea. Hii nimeitoa kwenye beseni jekundu. Niliiosha, lakini ni ya choo."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Redio alizima kweli. Nesi alifunga chupa taratibu, akaipapasa miguu ya mtoto wake mgongoni.

Mama hakupiga kelele. Aliifungulia valvu ya chini ya tangi, maji yote yakamwagika uani. Alimtuma Redio dukani kununua valvu nyingine. Yeye na binti yake waliing'oa ile ya choo, wakajaza tangi maji yenye dawa, wakayapitisha kwenye kila bomba, wakayaacha yakae, kisha wakasuuza mpaka harufu ya dawa ikaisha. Kazi ilikula mchana wote. Nesi alipiga simu kijijini kuwaambia akina mama kwamba atachelewa, na Kereng'ende alisikia kila neno akiwa amelala chini ya sinki.

Walipomaliza, mama alijifuta mikono.

"Kuvunja kitu ni ajali. Hata mimi nimevunja vingi," alisema. "Lakini sikiliza, mwanangu. Kung'aa si usafi. Vijidudu vya choo havionekani kwa macho, na mteja hawezi kuingia ndani ya bomba akague. Anachokitegemea ni ukweli wetu. Ungekunywa maji yale, ungekuwa umemdanganya bila kufungua mdomo."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nimekusamehe. Aliyekuwa apate hasara yuko nyuma yako."

Kereng'ende aligeuka. Alitaka kutazama lango, mabati, popote. Alijilazimisha kusimama mahali pamoja, akamtazama nesi usoni.

"Nisamehe, Nesi. Nimekuchelewesha, na nilitaka kumhatarisha mtoto."

"Nimesikia," nesi alijibu. "Na kuanzia leo? Sema kwa sauti, sote tusikie."

Mama alisimama. Redio alisogea karibu. Kereng'ende alivuta pumzi, akasema kwa sauti iliyoushinda upepo:

"Mbele ya Mungu na mbele yenu, naahidi: nikiharibu kitu, nitasema kabla mkono wangu haujagusa kingine."