Mwizi Aliyeacha Kioo

Kilichoibwa katika nyumba ya Kitsa Ézéchias kilikuwa bafu. Si kuta zake wala mabomba yake, bali vile vitu alivyovileta mwenyewe kutoka Dubai na kumwonyesha kila mgeni kabla hata ya kumkaribisha kiti: pazia la plastiki lenye picha za samaki, zulia la mpira la rangi ya waridi, na kabati jeupe la kuwekea taulo na sabuni.

Inspekta Lusenge alisimama mlangoni akitazama. Ulikuwa mwaka 2001 na mji wa Butembo, mashariki mwa Kongo, ulikuwa mikononi mwa waasi. Watu waliibiwa ng'ombe, magari, hata mabati ya nyumba, na hakuna aliyewahi kumwita polisi kwa ajili ya pazia. Lakini Kitsa alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa mtaa wa Mususa. Mfanyabiashara mkubwa akiita, polisi ambaye mshahara aliuona mara ya mwisho enzi za Zaïre haulizi sababu.

"Ni sentinelle," Kitsa alisema, akionyesha kibanda cha mlinzi getini. "Mathe. Nilimupa kazi, nilimupa fasi ya kulala. Ni yeye alifungulia bamwizi."

"Ulimuona?"

"Mulango haikuvunjika. Ukuta iko na bipande ya chupa juu. Donc ni yeye."

"Na tayari iko ndani ya cachot ya polisi?"

"Tangu asubui. Commandant akitoka Beni leo mangaribi, atamubeba ku camp. Anasema Mathe anatumikiaka Bamai-Mai."

Mai-Mai walikuwa wanamgambo wa msituni waliopigana na waasi walioushika mji. Neno hilo likishamshika mtu, kesi yake huwa imekwisha. Waliopelekwa kwenye kambi ya waasi kwa neno hilo hawakurudi, na jamaa zao hawakupewa hata nguo. Jua lilikuwa bado halijapanda sana. Alikuwa na mchana mmoja wa kumtafuta mwizi wa kweli.

Alianza uchunguzi. Poda ya kuchukulia alama za vidole ilikwisha kituoni tangu vita vilivyoiangusha Zaïre, kwa hiyo alitumia alichobakiwa nacho, yaani macho. Mabomba ya shaba, ambayo mwizi yeyote wa Butembo angeyauza kabla ya kifungua kinywa, hayakuguswa. Kioo kikubwa kilichokuwa kimefungwa kwenye mlango wa kabati kilikuwa kimetolewa na kuegemezwa ukutani. Chini yake palikunjwa kitambaa ili kisipasuke. Na misumari ya parafujo ya kabati ilikuwa imekusanywa yote ndani ya kisahani cha sabuni.

Mwizi wa namna hii alimchekesha Lusenge kidogo. Aliiba huku akifanya usafi.

Chini ya mlango aliona kitambaa kingine, kimesokotwa na kubanwa kwenye upenyo. Akamwita mke wa Kitsa, aliyeitwa Kavuo. Alikuja na mtoto mchanga mgongoni.

"Hii ni ya nini, mama?"

"Ya kuzuia baridi, chef. Mimi ni muzazi."

Hilo halikuhitaji maelezo zaidi. Butembo ni mji wa mlimani, na huko kila mtu anajua kwamba baridi ikimwingia mwanamke aliyejifungua, haimtoki tena. Mzazi huogeshwa kwa maji ya moto kadiri ngozi inavyoweza kuvumilia, mlango umefungwa, kila upenyo umezibwa. Mtoto naye huogeshwa humo humo ndani ya mvuke.

"Mutoto anaitwa nani?"

"Séphora."

"Iko muzima?"

"Sasa iko muzima."

Lusenge aliliokota hilo "sasa" akaliweka akilini.

"Mama, unazani ni nani aliiba?"

"Ni batu ya silaha. Si njo baibaka kila siku?"

Lilikuwa jibu la mji mzima. Miaka ile kila kilichopotea kilihesabiwa kuwa kimechukuliwa na watu wenye silaha, na jalada likafungwa kabla halijafunguliwa.

"Batu ya silaha banachungaka bavis ndani ya kisahani ya sabuni?"

Kavuo alikaza kitenge kilichombeba mtoto.

Kutoka hapo Lusenge alikwenda moja kwa moja mahabusu. Mathe, mlinzi, alikuwa ameketi sakafuni. Jicho lake moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Polisi wa zamu alieleza kwamba mtuhumiwa alianguka. Lusenge alimtazama mpaka polisi huyo akatoka nje.

"Mathe, nani alitoka na muzigo ku nyumba ya Kitsa?"

"Hakuna, chef."

"Commandant anakuya leo. Fikiria muzuri."

"Hakuna mutu alitoka na muzigo. Kama niliona, ningekusemea. Niko na batoto."

"Basi nani aliingia?"

"Bageni tu. Bamama ya kuona muzazi. Mama-mukwe ya patron alikuya jana na bamama ya Kalunguta, na bitunga."

"Ndani ya bitunga kulikuwa nini?"

"Ndizi, kuni, maharagi. Bya muzazi."

"Na wakati ya kurudia, bitunga ilikuwa tupu?"

Mathe alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu.

"Chef, kitunga ya mugeni inarudiaka tupu?"

"Ulifunua kimoja?"

"Kitunga ya mama-mukwe ya patron? Hiyo macho ningeitosha wapi?"

Lusenge aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuwaza. Mtuhumiwa hakusema uongo. Aliulizwa kuhusu mizigo, na kwake kikapu cha mgeni hakikuwa mzigo. Kilikuwa heshima. Wanawake huja na vikapu vyao mgongoni, mshipi umepita kwenye paji la uso, wakiwa wamejaza vyakula vya mzazi. Mwenye nyumba naye hawezi kuwarudisha mikono mitupu, huwawekea sabuni, chumvi, kitenge. Anayefunua kikapu hicho anawavua nguo watu wote wawili. Na kabati likishatolewa parafujo si kabati tena. Ni mbao tu, na mbao hupangika kikapuni chini ya majani ya migomba.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kitsa alikuwa amewatafuta wezi juu ya ukuta, na wao walikula chakula cha mchana mezani kwake.

Lusenge alipanda pikipiki kwenda kijijini Kalunguta. Kwenye kizuizi cha wanajeshi alitoa sigara, wakashusha kamba.

Kanyere, mama yake Kavuo, alikuwa uani akipeta maharagwe. Alipomwona polisi hakuacha kupeta.

"Wasingya, mama," Lusenge alimshukuru kwa Kinande, ingawa hakuwa amepewa kitu bado. "Natafuta kabati."

"Iko kule nyuma," Kanyere alijibu.

Mbao nyeupe zilikuwa zimesimamishwa mbali na nyumba, zikipigwa na jua. Pazia na zulia vilikuwa vimetupwa shimoni na kufukiwa nusu. Lusenge aliinua ubao mmoja. Mbele ulibandikwa karatasi inayong'aa, lakini nyuma yake ulikuwa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Akauleta karibu na pua.

Pua ilijua kabla yake. Ilikuwa harufu ya chumba cha maiti. Formol, ile dawa wanayotiwa marehemu wasioze wakati jamaa zao wako njiani. Miaka ile ya vita alikuwa ameinusa mno, mpaka koti lake liliizoea. Hakutegemea kuikuta kwenye kabati la taulo. Jua lilikuwa limeupasha ubao moto kidogo tu na macho yake yalianza kuwasha. Akafikiria chumba kilichozibwa, maji ya moto, na kifua cha mtoto mchanga.

"Hata mbuzi inakataa kulala pembeni yake," Kanyere alisema nyuma yake. "Mwizi ni mimi. Andika jina yangu, tumalize."

"Wewe ulibeba, mama. Bavis alifungua nani?"

Kanyere alipeta ungo wake kwa nguvu zaidi.

"Mutoto aligonjwa?"

"Kila mara akioga ku ile nyumba, kifua inafunga. Analia, sauti haitoke. Kavuo akimuleta huku kwangu, anapumua muzuri. Akirudi Mususa, kifua inafunga tena. Majirani banasema ni mimi. Banasema muchawi wa Kalunguta njo anakula mutoto."

"Kavuo hakuambia bwana yake?"

"Aliomba pazia ya kitambaa, ile unaweza kufua na kuanika. Aliomba kiti ya mbao ya kweli ya kuwekea taulo, na jiwe ya kukanyaga pa fasi ya zulia. Kitsa alicheka. Alisema bageni yake batamuona mutu wa pori."

"Na sasa?"

"Sasa ukimupeleka Kavuo, Kitsa atamufukuza. Mutoto ni wa ukoo ya baba, atabakia. Atarudishwa ndani ya ile bafu, na hakuna mama wa kumutosha." Kanyere alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Wewe uko na batoto, chef?"

"Niko nao. Mathe pia iko nao."

"Mathe ni nani?"

"Sentinelle. Yeye njo alifungwa. Mangaribi hii banamupeleka ku camp."

Ungo ulisimama mikononi mwa Kanyere. Hakuwa amejua. Aliuweka chini taratibu, akajifunga kitenge, akatangulia kwenye pikipiki bila kuambiwa. Lusenge alifunga ubao mmoja nyuma, na kwa kweli njia nzima hakujua atasema nini kituoni. Akimtaja Kavuo, mtoto yuko hatarini. Asipomtaja, Mathe hataiona kesho. Sheria aliyofundishwa ilikuwa na jibu rahisi, na jibu hilo halikumpendeza.

Huko Mususa alimshusha Kanyere mlangoni kwa binti yake, akaendelea peke yake.

Kamanda alikuwa amewahi. Gari la wanajeshi lilikuwa limesimama mbele ya kituo, injini inanguruma, na Mathe alikuwa amelazwa nyuma, mikono imefungwa mgongoni. Kitsa alisimama karibu na kamanda, amevaa koti lake la sherehe.

"Bitu bimepatikana," Lusenge alisema, akaushusha ubao. "Huyu hana kosa."

"Nani mwizi?" kamanda aliuliza.

Lusenge aliinama akaufuta ubao vumbi.

"Inspekta, nimeuliza."

"Mwizi ni mimi."

Kavuo alikuwa ameingia uwanjani, mtoto mgongoni, mama yake nyuma yake. Alikuwa amekuja mbio na bado alihema.

"Rudia nyumbani," Kitsa alisema.

"Hapana. Nilifungua bavis na kisu ya jikoni. Kioo haina harufu, nikaiacha. Nilipanga mbao ndani ya bitunga ya mama. Hakuna mutu mwingine alijua."

"Unaniaibisha mbele ya batu."

"Nilikuomba, Kitsa. Nilikuomba kabla mutoto hajazaliwa, nikakuomba tena. Nikisema macho inaniuma, unasema ni harufu ya bitu bipya. Mutoto akikohoa, unasema ni mama yangu. Nikitosha pazia, unaleta ingine kubwa." Sauti yake haikupanda. "Nilijua nikisema ni mimi, utanifukuza na utabakia na Séphora. Njo nikaiba. Nilizania batasema ni batu ya silaha, itaisha, sababu njo inaishaka. Nani anafungwaka juu ya pazia? Mathe sikumuwaza. Hapo nilikosa, na sitaacha afe juu yangu."

Kamanda alitazama saa, kisha akamgeukia Kitsa.

"Mzee, mafuta yangu imeungua. Lazima nibebe mutu. Ni sentinelle ao ni bibi?"

Lusenge hakungoja Kitsa ajibu. Alimwekea ubao mikononi.

"Nusa. Upande wa nyuma."

Kitsa alinusa kwa hasira, kama mtu anayetaka kumaliza upuuzi. Kisha akanusa tena, polepole. Mwaka huo huo alikuwa amemzika mdogo wake, baada ya kuungoja mwili kwenye chumba cha maiti mpaka barabara ikafunguka. Aliijua harufu ile. Alikuwa ameoga nayo kila asubuhi na kuiita harufu ya vitu vipya.

Alimtazama mtoto mgongoni kwa mke wake. Séphora alikuwa amelala, mdomo wazi, akipumua bila mlio wowote.

"Bitu ni byangu," Kitsa alisema. "Ni mimi nilibitosha ku nyumba. Nilisahabu kusema."

"Ulisahabu?" Kamanda alicheka. "Bibi yako amesema mbele yetu sote."

"Ananifichia aibu. Bitu ni byangu, na mimi sina mashitaka."

Hakuna aliyemwamini, hata wanajeshi waliokaa juu ya gari. Lakini asiye na mashitaka hana mwizi, na kamanda hakutaka kugombana na tajiri aliyemlishia askari wake. Alitikisa kichwa. Mathe alisukumwa akaanguka chini, gari likaondoka.

Kitsa alikwenda akasimama pembeni, uso ameuelekeza barabarani. Kavuo alipiga magoti kwenye vumbi, akaanza kufungua kamba mikononi mwa mlinzi. Fundo lilikuwa limekaza, akaliuma kwa meno.

Mathe alimtazama kwa lile jicho moja lililokuwa wazi.

"Mama, ungeniambia tu," alisema. "Ile kabati ilikuwa muzito. Ningekubebea."