Zimwi Linalokula Madaraja

Lifti ya hospitali ile iliandikwa watu kumi. Asubuhi ile walikuwa wameingia kumi na wanne, mlango ukagoma kufunga, na kila mtu akawa anamtazama mwenzake kana kwamba yeye mwenyewe hana uzito.

"Kaka mwenye sanduku," ilisema sauti kutoka pembeni, "wewe na sanduku lako ni watu wawili. Shukeni wote."

Watu wakaangua kicheko. Mwanamume wa ovaroli la bluu aligeuka akamwona aliyesema: muuguzi wa sare nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, nywele kazifunga kwa kitambaa cha zambarau, na miguuni raba za manjano ambazo hakuna matroni angeziruhusu.

"Sista, hii ni pampu ya mashine. Ikichelewa kuna mgonjwa ataumia."

"Ghorofa gani?"

"Ya sita. Kusafisha damu."

Muuguzi alimpima kwa macho kutoka kichwani hadi viatuni. "Huko ni kwangu. Basi tushuke wote, tupande ngazi. Utanibebea na mkoba wangu."

"Mkoba na pampu?"

"Si umesema kuna mtu ataumia? Fanya haraka basi."

Alishuka. Wengine watasema ni kwa ajili ya mgonjwa. Mimi nasema ni kwa ajili ya zile raba.

Chumba cha ghorofa ya sita kilikuwa na viti sita na mashine sita. Mgonjwa alikaa hapo saa nne nzima, mara tatu kwa wiki, damu yake ikitoka kwa mpira mmoja na kurudi kwa mwingine. Fundi alipokuwa amelala chini akifunga pampu, alimsikia muuguzi akisema, "Hadithi, hadithi!" Watu wazima sita wakaitikia kwa pamoja, "Hadithi njoo!"

Ilikuwa hadithi ya zimwi linalokula madaraja. Kila jioni lilikula daraja la mji mmoja uliogawanywa na mto, na kila asubuhi msichana wa mji ule alijenga jingine kwa nywele zake mwenyewe. Hadithi ile haikuwa na mwisho. Kila siku mgonjwa mmoja alikuwa na zamu ya kusema nini kitokee, na muuguzi alilazimika kutii. Siku hiyo zamu ilikuwa ya dereva mstaafu wa malori, mtu mwenye kifua kama kabati, ambaye mwaka uliopita aliwahi kuacha matibabu akasema bora afe. Alirudi kwa sababu alitaka kujua kama zimwi lina mke.

Wapo watu wanaosema mambo ya mazimwi ni ya kupotezea muda. Sawa. Waje wakae kwenye kiti kile saa nne wakitazama dari, halafu tuzungumze.

Baada ya wiki chache, pampu za ghorofa ya sita zilikuwa zinakaguliwa kuliko pampu zote za hospitali. Baada ya miezi mitatu, simu kati yake na muuguzi hazikukatika.

"Laazizi, umetengeneza nini leo?"

"Moyo wangu."

"Kauharibu nani?"

"Mtu mmoja wa raba za manjano."

"Fundi, ungekuwa unasimulia wewe, wagonjwa wangu wote wangelala."

Muuguzi alimcheka hivyo, lakini alilala akitabasamu. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, mashangazi wameshachoka kumuuliza, na kwa mara ya kwanza alitaka kuolewa. Alimtaka huyu, na mikono yake yenye grisi. Kwa hiyo siku Fundi aliposema, "Jumapili mama anataka kukuona," alinunua gauni la kijani na viatu vilivyomuuma.

Mama yake Fundi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama mwenye nywele fupi nyeupe na macho ya kusahihisha. Alimkaribisha vizuri. Alimpakulia kwa mkono wake. Walipofika katikati ya chakula akasema, "Nimefurahi sana kwamba umeyaacha."

"Nimeyaacha yapi, Mama?"

"Yale ya mazimwi. Mwanangu kaniambia uliacha tangu mwezi jana. Umefanya vyema, binti yangu. Muuguzi ni mtu wa sayansi. Ukiwaambia wagonjwa habari za mazimwi, watakuamini vipi ukiwaambia habari za dawa?"

Muuguzi aliweka kijiko chini. Alimtazama Fundi. Fundi alikuwa anatazama kopo la chumvi.

"Sijaacha, Mama," alisema. "Ijumaa zimwi limekula daraja la mia tatu."

Fundi alitoa kicheko kikavu. "Anatania tu, Mama. Ndivyo alivyo."

Muuguzi aliinuka taratibu. "Asante kwa chakula, Mama. Kilikuwa kitamu, na hilo pia si utani." Akachukua mkoba wake, akatoka.

Jioni ile Fundi alipiga simu mara tisa. Ya kumi ikapokelewa.

"Mpenzi, nisikilize. Mama ana presha. Nilitaka akupende kwanza, halafu nimwambie polepole."

"Ampende nani? Huyo aliyeacha? Mimi simjui huyo. Umemtunga wewe."

"Ni uongo mdogo tu! Wewe mwenyewe si unatunga kila siku?"

"Mimi nikisema zimwi limekula daraja, kila mtu mle chumbani anajua hakuna zimwi. Nawaita, wananijibu 'hadithi njoo'. Mama yako hakukujibu 'hadithi njoo'. Alikuuliza swali, akakuamini."

Fundi alihamishia simu sikio la pili.

"Sasa unataka nichague kati yako na mama?" akauliza.

"Sitaki uchague mtu. Nataka unitaje nilivyo. Hadithi siachi. Kwa pete siachi, kwa mama mkwe siachi."

Alikata simu, akalia kitandani na viatu vikiwa bado mguuni. Alijua neno moja tu, "nimeacha", lingemrudishia kila kitu. Alijua pia kwamba kesho yake watu sita wangekaa kwenye viti vyao wakimsubiri. Asubuhi alinawa uso, akavaa raba zake, akaenda kazini kusimulia.

Wiki mbili zilipita. Mashine ya nne ikagoma kuwaka, na fundi wa mashine alikuwa mmoja tu. Alipoingia, chumba kizima kilimnunia. Dereva alijifanya amesinzia. Muuguzi alimwonyesha mashine kwa kidole, akaendelea na hadithi bila kutetereka, ila sauti yake ilipanda kidogo.

Zamu ilikuwa ya Bibi Miwani, mkongwe kuliko wote.

"Ng'ambo ya mto kuna fundi," alisema Bibi Miwani. "Ana nyundo, ana misumari, na hajengi. Nataka kujua kwa nini."

"Hilo silijui, Bibi," muuguzi akajibu.

"Basi zamu yangu nampa anayejua."

Vichwa vyote viligeukia mashine ya nne. Fundi alisimama, bisibisi mkononi, jasho likimtoka.

"Hadithi, hadithi," alisema kwa sauti ndogo.

"Hadithi njoo," wakajibu, nusunusu.

"Yule fundi alikuwa anaogopa zimwi jingine. Zimwi la kununiwa na mama yake."

"Jitu zima?" dereva akauliza, usingizi umeisha.

"Jitu zima, mzee. Miaka thelathini na mitano. Basi kila daraja msichana alilojenga, fundi alimega kipande akalilisha zimwi lake, ili likae kimya."

"Kisha?"

"Kisha anapiga simu."

Akaitoa mfukoni, akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Mama, shikamoo. Nilikudanganya. Hajaacha. Na siku ile mezani hakutania, mimi ndiye niliyesema uongo."

"Umenipigia saa nne asubuhi kuniambia kwamba mimi ni mjinga?"

"Mjinga ni mimi, Mama. Nataka kumuoa hivyo hivyo alivyo, na zimwi lake."

"Nimefundisha miaka arobaini. Mambo hayo sikuyakubali, na sitaanza leo."

"Usiyakubali. Ila sitakuficha tena."

"Mpe simu."

Muuguzi aliipokea. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Utaacha?"

"Sitaacha."

"Hata nisipokuja kwenye hiyo harusi?"

Muuguzi alitazama viti sita, akamtazama Fundi, ambaye safari hii hakutazama pembeni.

"Hata usipokuja, Mama. Lakini nitalia."

Upande wa pili mwalimu alivuta pumzi. "Nitafikiri," alisema, akakata.

Muuguzi alimrudishia Fundi simu yake. Alijifuta macho kwa kiganja, akanyoosha sare.

"Haya," akamwambia. "Lile ulilotaka kuniuliza, niulize. Na upaze sauti, mzee wa kiti cha tano hasikii vizuri."