Usinisingizie Mimi

"Umekataa nafasi ya sayansi, halafu mimi nasikia kwa mwalimu?"

Binti alikuwa kwenye karakana ya mama mkwe mtarajiwa, anakata sponji ya kochi. Akajitia hamnazo. Mchumba wake akabaki mlangoni, nywele zimejaa vumbi la mbao.

Mtaa wetu ni wa makochi. Wavulana wakimaliza shule wanapiga fremu, wasichana wanashona vitambaa, kisha fremu na kitambaa vinaoana na maisha yanasonga. Shuleni nako maabara iligeuzwa stoo ya madawati mabovu, na walimu huwaelekeza watoto kwenye masomo "yanayowafaa watu wa hapa". Binti huyu alifaulu fizikia kwa kukariri majaribio ambayo hakuwahi kuyaona. Shule ya ng'ambo ya mji, yenye maabara, ikamwita.

"Nimekataa kwa ajili yako," alisema hatimaye. "Mama yako anataka mkwe anayeshona."

"Mimi nilikuomba hivyo?"

"Hapana."

"Basi usinisingizie mimi. Sema kweli, mpenzi."

Mkasi ukatulia. Machozi yakatangulia maneno.

"Naogopa. Wenzangu huko wamezoea vyombo tangu wadogo. Mimi hata kuunga nyaya za majaribio sijawahi. Nikifeli, mtaa mzima utasema, si tulikwambia?"

Kijana akaketi chini, juu ya vipande vya sponji. Hasira zote zilimwisha, akabaki na huruma tupu.

"Ukifeli utarudi, utanikuta. Lakini ukibaki kwa ajili yangu, iko siku utanichukia, na mimi sitajua nimekosa nini."

Binti akapiga moyo konde, akamwandikia mwalimu ujumbe. Jibu halikuchelewa: "Nafasi yako bado ipo. Njoo kesho asubuhi."

Pazia la chumba cha nyuma likafunguliwa. Mama wa kijana alikuwa amesikia yote.

"Na makochi yenu atashona nani?"

"Mimi, mama. Nifundishe."

Mwanamume wa mtaa wetu kukalia cherehani! Majirani wanawake waliokuwa wakichungulia dirishani waliangua kicheko, mmoja akauliza kama na veli ya harusi atavaa yeye. Mama hakucheka. Alimtazama mwanawe, kisha binti.

"Kwanza acha kufutia machozi kitambaa cha mteja," alisema. "Nenda kajiandae, kesho usichelewe."

Akaketi kwenye benchi la cherehani, akasogea pembeni kumwachia mwanawe nafasi.

"Na wewe, nawa mikono. Njoo ukae."