Kitanda Kilichofutwa kwa Maji Matupu

Harufu ilianza Jumamosi: maziwa yaliyoungulia sufuriani, ndani ya chumba cha kuzalishia ambacho hakijawahi kuona sufuria. Nagat, mfanya usafi wa zahanati, alikisugua chumba kizima kwa klorini, kuanzia kuta hadi miguu ya kitanda. Harufu ikabaki palepale, juu ya tundu la maji machafu.

Nagat alijua sababu. Alhamisi, kwa haraka ya kuwahi basi, alimwaga humo ndoo ya maji ya moto bila kusema "Tupisheni, wenyewe," maneno ya kuwaonya majini wakaao chini ya ardhi, ambayo mwanamke wa Mallawi, huko Misri, hufundishwa kabla hajafundishwa kupika.

"Mama Shuruq, hebu acha hizo," alisema Inshirah, muuguzi mkuu, akicheka Nagat alipomweleza. "Hapa tuna jini mmoja tu, anaitwa uchafu. Paka dawa, ngoja dakika kumi, ndipo ufute. Basi."

Jumatatu adhuhuri mzazi mmoja alikuwa ametoka, na wauguzi wako kwenye chai. Nagat alikuwa ameinama juu ya kitanda, kitambaa chenye dawa mkononi, aliposikia kitoto kikilia chini ya sakafu, kilio chembamba cha koo lililokauka kilichokatika ghafla, kisha pumzi ya moto ikapanda kutoka tunduni, ikamgusa vifundo vya miguu, ikamfika magotini, mgongoni, shingoni, na sauti ya mwanamke ikanong'ona kana kwamba midomo imeshagusa sikio lake.

"Umemchoma mwanangu, dada. Amekufa. Na dawa yako ikishuka inamchoma tena. Niachie leo tu, nimzike."

Masikini Nagat. Alikuwa amezika watoto watatu. Aliyembakia ni Shuruq peke yake, mwenye mimba ya miezi minane. Uchungu ule aliujua vizuri kuliko alivyomjua jini yeyote.

"Leo tu," alinong'ona. Akaiweka ndoo ya dawa kando, akakifuta kitanda kwa maji matupu, mradi damu isionekane.

Alasiri mlango ukasukumwa. Aliyeletwa kwenye machela, uchungu umemwanza kabla ya siku zake, alikuwa Shuruq.

"Sista, ngoja kidogo, hicho kitanda..."

"Kina nini?" Inshirah aliuliza, glavu mkononi.

Angesema nini, kwamba amemwonea jini huruma? Kichwa cha mtoto kilishaonekana.

"Hakina kitu," Nagat akasema.

Mtoto alitoka mzima, wa kike. Shuruq alishikwa na homa siku ya tatu. Siku ya sita, kinu cha shaba kinachogongwa karibu na mtoto kwenye sherehe ya siku yake ya saba kikiwa kimeshang'arishwa, akafa akimwita mamake.

Baada ya maziko Nagat alirudi zahanati, akapiga magoti penye tundu.

"Umelipa kisasi chako," alisema. "Haya. Mimi na wewe tumelingana."

Harufu haikuwapo tena. Sauti ilipanda polepole, ya mtu aliyechoka kulia.

"Mwanao sikumgusa, dada. Nilikuwa nazika."

"Sema ni wewe," Nagat alisema, paji la uso likigusa sakafu. "Nakuomba. Sema tu ni wewe."

Alingoja hadi Inshirah alipokuja kumwinua.