Waya Alioukata Baba

Mama alinipigia simu jioni, wakati nafunga kibanda changu cha kutengeneza redio. Hakunisalimu. Alisema niende na vifaa vyangu vya kazi, mashine ya baba imekufa na yeye anaihitaji.

Nilimuuliza anaihitajia nini. Akashusha sauti kama anayeogopa kusikiwa na mtu wa chumba cha pili.

“Baba yako ananiita kila giza likiingia. Namsikia. Ila yeye hanisikii.”

Baba tulikuwa tumemzika kabla ya mvua kuanza.

Mimi si mtu wa kuamini mambo ya mizimu. Fundi akianza kuyaamini afunge tu kazi, maana redio yoyote inayokoroma ina sababu yake, na mara nyingi sababu yenyewe ni mende. Nilichoogopa ni hali ya mama. Alikuwa peke yake katika nyumba ile, chakula hali, amebaki mifupa, na kila nikimwomba ahamie kwangu ananijibu kwamba hawezi kumwacha mtu anayemwita. Kwa hiyo kesho yake mchana, njiani, nikapanga mambo yangu. Nitaitengeneza mashine. Mama ataita, atasubiri, jibu halitakuja. Atalia, nitamkumbatia, kisha nitamfungia nguo zake tuondoke.

Uani nilikuta mashuka yameanikwa kwenye waya mrefu wa shaba, nikacheka peke yangu. Ulikuwa waya wa antena. Mama alikuwa ameushusha kutoka juu ya mlingoti na kuufanya kamba ya nguo, na kebo iliyokuwa ikiuleta ndani ilining'inia chini ya dirisha bila kushika kitu. Baba angekuwepo, mama kwa kuushusha na mimi kwa kucheka, sote wawili tungelala nje siku hiyo.

Baba alikuwa mmoja wa wale watu wanaowasiliana na wenzao wa nchi za mbali kwa redio za nyumbani, kwa kupenda tu. Hakuwa anaongea. Alikuwa anagonga, nukta na vistari, kwa kigongeo kidogo cha shaba kilichokuwa kwenye meza yake. Watu wa kazi hiyo wanajuana kwa mkono, kama unavyomjua mtu kwa mwandiko. Mkono wa baba ulikuwa wa taratibu, na kabla ya herufi ya mwisho alitua kidogo, kama anayesafisha koo. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alifundishwa na baba kama mimi, lakini yeye kistari cha mwisho alikiburuta kupita kiasi. Baba alimgombeza kwa hilo mpaka ajali ya barabarani ikamchukua. Tangu hapo hakuna aliyegombezwa tena katika nyumba ile.

Mama alijua maneno mawili tu ya kigongeo. La kwanza ni Chiriku, jina ambalo baba alimpa kwa wingi wa maneno yake. Baba akitaka chai, aligonga Chiriku, na mlio ukafika mpaka jikoni. La pili ni jibu lake. Alichukua mwiko akaligonga ukutani: Nipo.

Aliponifungulia mlango nilimshika mabega, nikahisi mifupa. Roho iliniuma. Alinipeleka moja kwa moja kwenye chumba cha redio, hata maji hakunipa.

Redio yenyewe ilikuwa nzima, inavuma polepole mezani. Iliyokufa ni amplifaya, lile sanduku la chuma la kijivu linaloikuza nguvu ya redio mpaka ifike mbali. Ni ya zamani, ya zile zenye taa nene za kioo ndani, na umeme unaokaa humo hauna mzaha. Unabaki kwenye kapasita hata ukiwa umezima. Baba alinifundisha niuvute kwanza kwa fimbo yenye waya wa ardhi, mkono mmoja kazini, mwingine mgongoni, umeme usije ukapita moyoni. Plagi yake ilikuwa chini, haijachomekwa, imejaa vumbi. Nikaingiza fimbo kwa mazoea tu.

TAP!

Cheche ya bluu ikaruka. Harufu ya vumbi lililoungua ikajaa chumbani, na chini yake nyingine... dawa ya kuchua kifua ambayo baba alijipaka kila jioni.

Nilijiambia kapasita za zamani ni jeuri. Nikavuta tena, kimya. Nikabadilisha fyuzi, nikasafisha miguu ya taa za kioo, nikapima huku na huku. Mwisho nikauona ugonjwa wenyewe. Waya mmoja mwekundu, ule unaopeleka umeme mkubwa kwenye taa, ulikuwa umekatwa. Haukuungua. Ulikatwa kwa koleo, na kila upande ukafungwa tepu vizuri.

Tepu ilikuwa ya baba. Mwishoni aliikunja ncha kidogo, kama alivyonifundisha, ili fundi atakayekuja baadaye apate pa kushika asihangaike. Nikadhani mauti yalimkuta katikati ya matengenezo. Fundi akiona waya umekatika, mkono wake unawaza kitu kimoja tu. Nikaimenya tepu, nikauunga waya.

Mama alikuwa nyuma yangu. Nilimuuliza baba alikuwa akiihangaikia nini mashine hii siku zake za mwisho.

“Alikuwa anaongea na mdogo wako,” alisema.

Niligeuka.

“Nilidhani ni huzuni,” mama akaendelea. “Aligonga hadi akaacha kula. Siku moja akatoka humu analia, akaniambia nisiiguse kamwe. Kesho yake nikamkuta kwenye kiti.”

Ningeacha hapo. Lakini nilimtazama yule mama, kanga imemzidi mwili, macho yameng'ang'ania kigongeo, nikaona nisipomwonyesha leo kwamba huko hakuna mtu, nitamzika naye. Tena nilikuwa na hakika yangu. Sisi mafundi hatujaribu mashine kwa antena. Tunaifunga kwenye kopo la mafuta lenye kizuizi ndani, linalomeza nguvu yote ikageuka joto. Kinachoingia kwenye kopo hakitoki nje. Na antena ilikuwa imebeba mashuka.

Nikaifunga kwenye kopo. Nikachomeka plagi, nikawasha. Taa za kioo zikaanza kuwaka kidogo kidogo, rangi ya chungwa, na mama akaketi kwenye kiti cha baba.

Nje giza lilikuwa linaingia.

Mvumo wa redio ukakatika ghafla. Kimya... kisha milio ikaanza. Taratibu. Herufi moja moja. Kabla ya ya mwisho, ikatua kidogo.

Chiriku.

Nilikuwa nimeusikia mkono ule tangu tumboni, hakuna anayeweza kuuiga.

Mama akanyoosha kidole, akagonga kwa uzito kama anavyogonga kwa mwiko. Nipo. Mshale wa amplifaya ukapanda, kopo likatoa joto. Na jibu likaja hapo hapo, kali mpaka spika ikatetemeka. Alikuwa amesikia.

Chiriku. Chiriku.

Kisha mkono mwingine ukaingia. Mwepesi, wa haraka haraka, na kistari cha mwisho... ukakiburuta.

Mama akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nililia tu. Mdogo wangu. Ningetoa chochote nimsikie tena, na sasa nilimsikia, na nikatamani nisingemsikia. Kwa sababu mikono yote miwili iligonga neno moja, lile lile, bila kupumzika. Mama hakulijua.

“Wanasemaje?” akaninong'oneza.

Walikuwa wanasema: Njoo.

“Wanakusalimu, mama,” nilimwambia.

Akatabasamu. Akarudisha kidole kwenye kigongeo, na kwa vile hakuwa na neno jingine la kujibu, akajibu kwa lile alilokuwa nalo.

Nipo.

Niliruka nikang'oa plagi zote mbili ukutani. Redio ilizimika. Taa za kioo hazikuzimika. Ziliendelea kuwaka, zikamulika uso wa mama uliokuwa unatabasamu, na kidole kilichobaki kimekandamiza kigongeo. Nilimwita. Nikamtikisa. Kopo la mafuta lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Tulimzika kando ya baba na mdogo wangu. Mashine niliibeba mimi, niliogopa isije ikanunuliwa na mtu mwenye marehemu wake. Iko chini ya meza ya kibanda changu. Waya mwekundu nimeukata pale pale alipoukata baba, nikaufunga tepu. Hapo ndipo nilipomwelewa. Hakuwa anatengeneza chochote. Alikuwa amefunga mlango kwa ajili ya mama, na mimi nikaufungua kwa mikono aliyonifundisha yeye.

Redio yake, niliyoibeba pamoja na mashine, haina antena, haina hata plagi, niliikata. Bado giza likianza kuingia, wakati nafunga kibanda, inavuma. Baba hanigongei. Mdogo wangu hanigongei. Ni mkono wa tatu unaokuja, mzito, usiojua kazi, kama mwiko ukutani. Unalijua neno moja la kuniambia, na unalirudia mpaka niondoke.

Nipo... Nipo...

Nimemkumbuka mama yangu mno. Naenda nyumbani nimeziba masikio, nalia njia nzima. Na ile tepu, bila kufikiri, niliikunja ncha.