Unyayo Mbele ya Kibanda cha Shangazi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kiherehere alifagia kibanda cha chai cha shangazi yake, akawasha jiko na kupanga vikombe mezani. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na shangazi mwenyewe, na hakuna aliyekata rufaa.

Kibanda kilikuwa kando ya njia ya kale ya mawe iliyopanda mlima, ikavuka mpaka na kushukia upande wa pili. Ilijengwa zamani na watu wa pande zote mbili, na wageni walitoka mbali kuja kuiona, pamoja na lango la mawe lililoko juu kabisa. Tatizo ni kwamba walipita mbele ya kibanda wakiwa wamekaza macho kileleni, kana kwamba lango lingehama wasipowahi. Chai ilipoa. Shangazi alipiga miayo.

"Wangesimama hata kidogo tu," alisema. "Mtu akisimama, harufu ya chai itamaliza kazi."

Kiherehere alilitafakari jambo hilo kwa uzito ambao hakuwahi kuupeleka kwenye somo la hesabu. Jumamosi moja Shangazi alipokwenda sokoni, alichukua tindo na nyundo ya fundi aliyekuwa akikarabati njia, ambaye wakati huo alikuwa amejilaza baada ya kula. Kwenye mwamba uliotazamana na kibanda akachonga unyayo mrefu kama mkono wake mzima. Kidole gumba kilipinda kidogo kwa sababu nyundo iliteleza. Akaupaka matope na majani, ukaonekana mzee kuliko mlima wenyewe.

Wa kwanza kuuona alikuwa Redio, kijana mwenye kazi ya kuongoza wageni, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzima. Redio hakuuliza swali hata moja. Palepale aliwasimulia wageni wake, kwa sauti ya majonzi, habari za jitu la kale lililopanda mlima huo likimtafuta mkewe. Wageni wakapiga picha, wakanusa chai, wakaketi. Kiherehere alijisifu kimoyomoyo huku akiosha vikombe.

Habari zikafika upande wa kule. Waongozaji wa huko wakaja kuutazama unyayo, wakasema jitu ni lao: vidole vimeelekea kwao, kwa hiyo lilikuwa linarudi nyumbani. Redio akajibu kwamba lilikuwa linatoka nyumbani, maana anayerudi hutembea kwa uchovu, hakanyagi jiwe mpaka likabonyea. Mzaha ukageuka ugomvi. Majirani waliokuwa wakiazimana sufuria wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Hatimaye kamati za pande zote mbili zikaifunga njia mpaka ijulikane jitu ni la nani.

Kamba ikafungwa kukatiza njia, hatua chache kabla ya kufika kibandani. Wageni wakakoma kuja. Shangazi alipanga vikombe asubuhi na kuvipangua jioni, vikiwa vikavu.

"Hali ikiendelea hivi nitafunga," alisema siku moja, bila kulalamika. "Nitatafuta kibarua mjini. Wewe utakaa kwa mjomba wako."

Kiherehere alikuwa ameishi na Shangazi tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Akasema uji ukiwa bado mdomoni.

"Shangazi, lile jitu ni mimi."

Shangazi alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, miguu ambayo haikuwa na ukubwa wowote wa kujivunia. "Meza uji kwanza, halafu uniambie vizuri."

Akaambiwa. Hakupaza sauti. Alifunga kitambaa chake kichwani, akazima jiko. "Twende. Nitasimama nawe. Ila mdomo utakaosema ni wako."

Waliwakuta wanakamati kwenye mwamba, pamoja na Redio na fundi wa njia. Mwenyekiti wa upande wa kule, bibi mwembamba mwenye fimbo, alimsikiliza Kiherehere hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Mjukuu wangu, nani wa huku kakutuma uje utuharibie?"

"Hata sisi hatumjui," alisema Redio, ambaye kila siku alikunywa chai ya bure mikononi mwa mtoto huyohuyo.

Watu wazima wakishagombania kitu, si rahisi kuwaambia kwamba hakipo. Kiherehere akamgeukia fundi. "Naomba tindo na nyundo," alisema. "Safari hii naomba."

Fundi alimkazia macho, akampa. Kiherehere akapiga magoti, akaanza kuchonga unyayo wa kushoto kwenye jiwe la kando. Machozi yalimtoka lakini hakuacha. Alipofika kwenye kidole gumba, nyundo iliteleza vilevile na kidole kikapinda. Fundi akainama, akalinganisha.

"Ndiye," akasema. "Ubovu wa namna hii hauigiziki."

Bibi akaanza kucheka, polepole, mpaka akaishika fimbo kwa mikono miwili. Akamgeukia Redio. "Na yule mke wa jitu, baba, alipatikana?"

Redio alikuwa ameanza kuvichunguza viatu vyake kwa makini sana.

Kamba ilifunguliwa siku hiyohiyo. Adhabu nayo ilitolewa: kila Jumamosi Kiherehere angembebea fundi mawe, na angemweleza ukweli kila mgeni atakayeuliza kuhusu unyayo, kwa lugha za pande zote mbili. Lugha ya kule hakuijua, na bibi akajitolea kumfundisha kwenye benchi la kibanda. Alimfundisha pia kuisoma njia: mawe yaliyolazwa ni kazi ya mababu wa kule, yaliyosimamishwa ni ya mababu wa huku, na karibu na lango yamechanganyika, huwezi kujua nani kaweka lipi. Kiherehere alipowaeleza wageni hayo, walisimama muda mrefu kuliko walivyosimama kwa ajili ya jitu.

Jioni moja, baada ya kikombe cha mwisho kuoshwa, alisema, "Asante, Shangazi."

"Ya nini?"

"Ya kusimama nami pale."

Shangazi alimvuta karibu yake kwenye benchi. "Nami nashukuru kwamba ulisema. Ulitaka kunisaidia, najua, lakini uongo wako nusura uninyang'anye kibanda na majirani. Njia hii ilikuwa inatosha, mwanangu. Hukuijua tu, ukaona lazima uitilie chumvi. Ukitaka watu wasimame, jifunze kilicho cha kweli, kisha ukisimulie vizuri."

Kiherehere aliitikia kwa kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lake, hakuwa na la kuongeza.